Suti Isiyo na Akiba

Katika safu ya mafundi cherehani waliokaa ubavuni mwa soko kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeisahau: suti ya mtu mwenye cheo huachiwa akiba. Akiba ni kile kitambaa cha ziada kinachokunjwa ndani ya mshono wa kiuno na wa mgongo, ili siku mwenye nguo akinenepa, fundi afumue, alegeze, apige pasi, na maisha yaendelee. Mtu wa kawaida huachiwa kidogo tu, maana yeye hata akinenepa leo, shida zitamrudisha palepale kabla nguo haijapauka. Lakini mtu akija na bashasha za kuteuliwa, akasema anataka suti ya kulia kiapo, mafundi walikonyezana na mkasi ukakata kwa ukarimu. Walijua kiuno hicho hawatakiona tena.

Dada Futi ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo. Jina lilitokana na futi yake ya kupimia, utepe wa njano uliofifia namba, ambao haukumtoka shingoni. Alikwenda nao sokoni, alikwenda nao msibani, na kwenye harusi ya mdogo wake alipigwa picha nao ukiwa umelala juu ya mkufu, na picha hiyo imetundikwa ukutani hadi leo. Alikuwa mjane, ana binti mmoja shuleni na mama yake mzazi nyumbani, na wote watatu walikula kutokana na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila akikasirika aliyatoa yote kwa mpigo, kisha akajuta njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kushoto kwake alikaa Mama Pacha, shoga yake wa miaka mingi, fundi wa magauni na sare za shule, mwanamke wa kucheka kwa sauti hata wakati hakuna cha kuchekesha. Wawili hao walichangia pasi moja ya mkaa na siri zote za nyumbani. Kulia alikaa Babu Zipu, mzee ambaye macho yalimpungua akaacha kushona nguo nzima, akabaki kubadilisha zipu tu. Mbele kidogo alikuwapo Kaptula, kijana wa makamo aliyeshona nguo za watoto na kulalamika kutwa kwamba watoto wanakua haraka mno lakini wazazi wanalipa polepole. Wengine walikuwepo pia, safu ilikuwa ndefu, ila hawa ndio waliokuwa jirani zake wa kila siku. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na maturubai yaliyofungwa kwa kamba kwenye ukuta wa soko. Mvua ikinyesha walifunika cherehani kwanza, kisha wakajifikiria wao.

Na mwisho wa safu, pale ukuta unapopinda, alikaa fundi redio.

Huyu fundi redio alikuwa mwembamba, suruali zake zote akizifunga kwa mkanda uliotobolewa matundu ya ziada kwa msumari. Redio zilikuwa zimeanza kupotea mikononi mwa watu, kwa hiyo alikuwa na muda mwingi wa kuzungumza, na ulimi alijaliwa. Askari wa soko walipokuja kufukuza watu, yeye ndiye aliyesimama mbele akawauliza ni sheria gani, kifungu gani, aliyewatuma nani. Mara nyingine waliondoka. Mara nyingine walimchukua na redio zake, na mafundi wakachanga kumtoa. Chakula cha mchana alikula nao, akizunguka na kijiko chake mfukoni, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna aliyemnyima, kwa sababu alikuwa wao.

Ilipotangazwa kwamba litajengwa jengo jipya la soko, lenye vyumba vya biashara na umeme na choo cha maana, na kwamba safu ya maturubai itavunjwa, mafundi walishika tama. Fundi redio hakushika tama. Aligombea udiwani. Kampeni yake yote aliifanyia palepale, amesimama kwenye kiti cha Kaptula, na siku ya mwisho aliweka mkono juu ya cherehani ya Dada Futi akasema maneno ambayo safu nzima ilikuja kuyarudia mpaka yakawachosha:

"Jengo likiisha, mlango wa kwanza utafunguliwa na fundi wa safu hii. Nimekaa juani na nyinyi. Siwezi kukaa kivulini peke yangu."

Nani asingemwamini? Mama Pacha alilia. Dada Futi alizunguka nyumba kwa nyumba na futi yake shingoni, akiwaambia watu kwamba safari hii anagombea mtu anayeijua njaa kwa jina. Walimshonea bendera bila malipo, wakamshonea vitambaa vya kichwa bila malipo, wakapiga kura mapema asubuhi wakarudi kazini. Alishinda. Jioni hiyo walicheza pale ukutani, na hata Babu Zipu alinyanyua mguu mmoja, akaurudisha.

Suti ya kiapo ilikuwa zawadi ya safu. Walichangia kitambaa, kitambaa kizuri cheusi ambacho hakuna mmoja wao aliyewahi kukivaa, na kazi akapewa Dada Futi. Alimpima fundi redio akiwa amesimama wima, amebana pumzi kwa furaha. Kisha akakata.

Babu Zipu ndiye aliyegundua. Macho yake hayakuona vizuri, lakini vidole vilijua. Aliishika ile suruali kuitia zipu, akapapasa kiuno, akapapasa tena, akasema taratibu, "Mwanangu, umesahau akiba."

"Sijasahau, Babu. Huyu ni wetu."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akatia zipu. Dada Futi alikumbuka baadaye kwamba ukimya ule ulimkera kidogo, akaona wazee wana tabia ya kuwashuku watu wazuri.

Jengo likaanza kupanda. Lilipanda mbele ya macho yao, upande wa pili wa barabara, na kila ghorofa ilivyoongezeka ndivyo Mheshimiwa, kama alivyoitwa sasa fundi redio, alivyopungua. Mwezi wa kwanza alipita kuwasalimia, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akala. Baadaye akawa anapita ndani ya gari na kushusha kioo. Baadaye kioo hakikushuka, ila honi ililia. Halafu hata honi wakaisahau. Simu yake ilipokelewa na kijana mwenye sauti laini aliyeuliza inahusu nini. Mama Pacha alisema ni kazi nyingi, mtu akiwa kiongozi anabanwa. Kaptula alisema anabanwa, naam, hata mashavu yameanza kumbana macho. Walicheka. Bado walikuwa na moyo wa kucheka.

Rangi ilipopakwa kwenye milango, Dada Futi alikwenda ofisi ya soko kuulizia vyumba vya mafundi. Ofisi ilikuwa na feni inayozunguka pole pole na karani asiyezunguka kabisa. Karani alimwambia aje kesho. Kesho yake mkubwa alikuwa kikaoni. Siku nyingine mtandao ulikuwa umekatika, siku nyingine karani mwenyewe alikuwa amekwenda kunywa chai na koti lake likabaki kwenye kiti likihudumia wananchi. Dada Futi alirudi na kurudi. Kila akiondoka alikuwa ameacha nguo ya mtu haijashonwa, na wateja hawasubiri; wengine walianza kupeleka vitambaa kwingine. Alikaa kwenye benchi lile la mbao akitazama watu wakiingia baada yake na kutoka kabla yake, wakipeana mikono na karani kwa namna ya kuchelewa kidogo kuachiana, na damu ikamchemka mpaka masikio yakawa ya moto.

Siku moja karani alimwonea huruma, au labda alichoka kuiona ile futi. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba vyumba havitolewi kwenye benchi. Wenye kuvitaka huja jioni, huingia mlango wa nyuma, na hawaji mikono mitupu. Akamuuliza yeye anakuja na nini.

"Nakuja na haki yangu."

"Hiyo kila mtu anayo, dada," karani akasema, na wala hakusema kwa ubaya.

Majina ya wenye vyumba yakajulikana kama yanavyojulikana mambo yote sokoni, kwa kunong'onwa kutoka meza ya nyanya mpaka meza ya viatu. Shemeji wa Mheshimiwa kapata viwili, cha simu na cha vipodozi. Mke wa karani kapata. Mwenye mabucha ambaye tayari alikuwa na mabucha kapata. Kuna mmoja alipewa hajawahi kulikanyaga soko hilo. Alikuja siku moja na gari la kukodi, akauliza watu soko liko wapi akiwa amesimama ndani yake. Fundi wa safu hakupata hata mmoja. Safu ilipewa notisi ya kuondoka, na notisi hiyo ilikuwa na sahihi ya mtu ambaye walikuwa wamemlisha.

Dada Futi hakulala vizuri siku zile. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo mambo yasiyohesabika: bila kivuli, bila ukuta, atakaa wapi na cherehani? Nyumbani kwake ni chumba kimoja, mama kalala upande huu, binti anasomea upande ule, na hakuna mteja atakayepanda mlima hadi huko kuongezewa kiuno. Chumba kimoja katika jengo lile kingewatosha yeye na Mama Pacha na Babu, wakibanana. Hakutaka zaidi ya hapo. Kilichomkata maini ni kwamba hakutaka zaidi ya kile alichoahidiwa.

Halafu Mheshimiwa akaja mwenyewe.

Alikuja mapema, soko halijajaa, maturubai mengine hayajafungwa. Gari lilisimama mbali kidogo, akashuka na mfuko wa nguo mkononi, na Dada Futi alimtambua kwa kutembea tu, maana mwili ulikuwa mwingine kabisa. Shingo ilikuwa imezama. Tumbo lilimtangulia kama mtu wa itifaki. Alisalimia kwa uchangamfu, akauliza hali ya mama, akauliza hali ya binti, akamtaja binti huyo kwa jina lake la utani la utotoni, na Dada Futi, Mungu amsamehe, alifurahi kwa nukta moja. Alidhani amekuja kusema jambo la vyumba.

Mheshimiwa akatoa suti. Ile ile. Alisema keshokutwa jengo linafunguliwa, kuna wageni wakubwa na wapiga picha, na yeye anataka kukata utepe akiwa ndani ya suti ya safu, ili wananchi waone hajasahau alikotoka. Ila inambana. Alegezewe kidogo tu kiunoni na mgongoni, kazi ya asubuhi moja.

Dada Futi aliipokea suruali, akaigeuza ndani nje, akamwonyesha mshono.

"Haina akiba."

Mheshimiwa akacheka. "Wewe Futi? Wewe ndiye mwenye kuwaachia wakubwa akiba. Huwezi kusahau."

"Sikusahau. Nilikuamini."

Kwa muda mfupi uso wa Mheshimiwa ulikuwa ule wa zamani, wa mtu aliyekuwa akitembea na kijiko mfukoni, na Dada Futi aliona kwamba maneno yamefika. Lakini kufika ni jambo moja na kukaa ni jingine. Mheshimiwa akatazama huku na huku, akamsogelea, akashusha sauti. Akasema anajua watu wananung'unika. Mambo ya vyumba yana mikono mingi, si yake peke yake, kuna waliomsaidia kwenye kampeni, kuna wakubwa juu yake, hata yeye anapangiwa.

"Kimebaki chumba kimoja. Cha kona, kina madirisha mawili. Nimekuwekea wewe. Ongeza kitambaa popote utakapokitoa, suti ikae sawa, na ufunguo utaupata kesho. Ila wenzako wasijue kwanza."

"Na wenzangu?"

"Nitawaangalia baadaye. Siwezi kuwabeba wote mgongoni."

"Sisi tulikubeba wewe," Dada Futi alisema, na hapo yale maneno yake yote, ya benchi la karani, ya honi iliyonyamaza, ya suti iliyokatwa kwa mapenzi, yakatoka kwa mpigo. Sauti ilipanda. Wauza mboga waliacha kupanga mafungu. Alimwambia chumba hakutaka kwa kificho, alikitaka mchana, na wenzake wote wakiwa wamesimama hapo. Alimwambia kama anataka kiuno, akamwombe shemeji yake mwenye simu amshonee. Kisha akaikunja suti vizuri, suruali kwa mstari wake, koti mikono nyuma, kwa sababu ufundi ni ufundi, akairudisha mfukoni na kumkabidhi. Mheshimiwa akaenda zake bila kuaga. Mwanamke wa meza ya vitunguu akapiga makofi mawili, akaacha alipoona yuko peke yake.

Wenzake walipofika, Dada Futi aliwasimulia. Na tusifichane, alitegemea kushikwa mkono. Alitegemea Mama Pacha apige kigelegele. Badala yake Kaptula akatema mate pembeni.

Kaptula alisema angekichukua. Angekichukua kwanza, halafu wangejibana humohumo, kwa zamu, wengine asubuhi wengine jioni, kuliko kukosa vyote. Mwingine akasema sasa Mheshimiwa kaudhika, hata zile siku chache za notisi hatawaongezea. Mama Pacha alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa haupiti. Dada Futi akamgeukia Babu Zipu, kwa kuwa mzee alimjua tangu akiwa msichana, na angalau yeye angemwelewa.

"Umekasirika kwa niaba yetu, mwanangu," Babu Zipu akasema. "Lakini hukutuuliza."

Kama kuna jambo lililomuuma kuliko yote, basi ni hilo. Mwizi kaiba, na aliyepiga yowe ndiye anayeulizwa kwa nini kapiga yowe asubuhi. Lakini ndani ya hasira yake kulikuwa na sauti ndogo iliyosema mzee hajakosea. Angewauliza, wangesema chukua. Wangesema wote. Na angechukua. Hilo nalo lilimkasirisha, kwamba mtu amefikishwa mahali ambapo kukataa rushwa kunageuka kuwa ubinafsi.

Asubuhi iliyofuata kiti cha Mama Pacha kilikuwa kitupu. Alionekana mchana, akaja amejifunga kanga hadi kichwani kama mtu mwenye homa, akakaa, akasimama, akakaa tena. Halafu akasema yote kwa pumzi moja. Alikwenda kwa Mheshimiwa jioni. Alipita mlango wa nyuma. Suti kaitengeneza yeye: alifumua nyuma ya suruali akatia kipande kutoka kitambaa kingine cheusi, na mgongoni mwa koti akatia kitambaa alichokitoa ndani ya mifuko, ikakaa, mradi tu asivue koti mbele za watu. Ufunguo anao.

"Nina wanangu wawili, Dada," akasema. "Kuna nafasi ya cherehani mbili. Njoo tukae wote."

Dada Futi alimtazama shoga yake, na hakuweza kumchukia. Angefurahi kama angeweza. Alimuuliza kuhusu Babu, kuhusu Kaptula, na Mama Pacha akaangalia chini akasema chumba ni kidogo. Basi Dada Futi akasema hapana, akasema kwa sauti ya chini safari hii, maana maneno makali alishayamaliza kwa mtu mwingine. Mama Pacha akabeba cherehani yake, akavuka barabara.

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali mno. Mheshimiwa alikata utepe ndani ya koti lililofungwa vifungo vyote, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, wageni wengine wote wamebaki na mashati. Katika hotuba alisema jengo ni la wanyonge. Alisema suti aliyovaa imeshonwa na akina mama wa safu, na watu wakapiga makofi. Dada Futi alikuwa amesimama nyuma kabisa, na kwa muda akaona mikono yake mwenyewe inakutana, kwa mazoea tu, kwa sababu wengine walikuwa wanapiga. Aliitia ndani ya kanga akaishikilia.

Wiki hiyo hiyo maturubai yalivunjwa. Askari wa soko walifanya kazi haraka, na hawakuwa wakali. Mmoja aliwasaidia kufungua kamba zilizokaza. Babu Zipu alikwenda kwa mwanawe, mbali, na hakurudi tena. Wengine walitawanyika kila mtu na njia yake. Waliobaki, Dada Futi, Kaptula na wachache wengine, walifanya kitu pekee kilichowezekana: walihamia kwenye baraza ya jengo jipya, chini ya ukingo wa paa, mahali penye kivuli, cherehani zimepangwa ukutani. Hawakuziba milango. Walikaa pembeni, wakatandika magunia, wakaanza upya kuita wateja.

Na wateja walikuja. Kwa siku chache ilikuwa karibu kama zamani. Mama Pacha alitoka kwenye chumba chake cha kona kuwasalimia, akawaletea maji, akawaachia waunganishe pasi ya umeme kwenye soketi yake. Alikuwa ameweka pazia na kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Dada Futi alipeleka mteja mmoja kwake ajitazame kwenye kioo, na yeye na Mama Pacha wakacheka jambo fulani la zamani, wakajisahau. Akaanza kufikiri kwamba pengine wataweza. Kwamba watu wakubwa watafanya ya kwao huko juu, na huku chini watu wadogo watasogezana.

Kisha asubuhi moja Mama Pacha alitoka nje bila maji. Alisimama kizingitini, mikono kaikumbatia kifuani, akasema Dada, naomba nikuambie kitu, usinielewe vibaya. Nyuma yake, hatua chache, alisimama askari wa soko akijitia kusoma bango.

Alisema wateja wanalalamika. Wanashindwa kupita vizuri, magunia yanatereza, vipande vya vitambaa vinapeperuka ndani ya maduka. Shemeji wa Mheshimiwa amesema baraza inachafua sura ya jengo. Yeye binafsi hana neno, Mungu anajua, lakini kumekuwa na kikao, na kikao kimeonelea baraza ibaki wazi.

Dada Futi aliacha kukanyaga. Gurudumu la cherehani likaendelea kuzunguka lenyewe kidogo, likasimama.

"Kikao cha nani?"

"Cha sisi," Mama Pacha akasema. "Sisi wenye vyumba."

Kaptula akainua kichwa. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine maneno hayo yangekuwa mzaha wa mwaka. Dada Futi aliisubiri hasira yake. Aliijua, ilikuwa haichelewi, ilikuwa ikipanda kutoka tumboni na kumjaa mdomoni. Safari hii haikuja. Huyu aliyesimama mbele yake hakuwa na tumbo wala gari. Alikuwa ni mwanamke aliyemshikia mkono siku ya kumzika mumewe, na alikuwa amevaa viatu vilevile vya zamani.

"Ulisemaje, Mama Pacha? Kikaoni, ulisemaje?"

"Sikusema kitu, Dada. Walisema wanaokubali wanyooshe mikono. Kila mtu alinyoosha."

Hapo ndipo Dada Futi alipolia, mara ya kwanza tangu maturubai yavunjwe. Mama Pacha naye akalia, kwa ile sauti yake kubwa ya kucheka. Walilia wakitazamana, mmoja ndani ya kizingiti na mwingine nje, na askari wa soko, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisubiri wamalize ndipo akainama kunyanyua cherehani.